Nani Mwenye Injini Hii?

Katika miezi 14 niliyofanya kazi kwenye kampuni moja ya huduma kwa wateja hapa Nairobi, nilikalia meza nne. Nilianza na malalamiko ya watu waliotuma pesa kwa nambari isiyo yao. Kazi ya presha, lakini niliipenda. Baada ya wiki chache nilikuwa najua ni mteja gani anahitaji kusikilizwa kwanza na ni yupi anataka tu pesa zake zirudi, basi. Nilipoanza kuwa mzuri, nikahamishiwa mikopo. Miezi mitatu baadaye nikapelekwa kukagua ubora, maana yake kusikiliza simu za wenzangu na kuwapa alama, kitu ambacho kilinimalizia marafiki. Mwisho nikawekwa kwenye kikosi kilichoitwa cha mpito. Mpaka leo sijui kilikuwa kinapita kikienda wapi.

Kila mara maelezo yalikuwa yaleyale: unazungushwa ili upate ujuzi mpana. Halafu Ijumaa moja ikaja barua pepe. Shirika linapangwa upya, na nafasi yako haimo katika muundo mpya. Niliisoma mara tatu nikitafuta mahali inaposema nilifanya vibaya. Hakuna. Nafasi ndiyo iliyoondoka, mimi nikaondoka nayo kama abiria aliyelala matatu ikarudi steji.

Siku ya kurudisha kitambulisho, dada wa HR aliniambia kitu ambacho hakijanitoka kichwani. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba ripoti zao zilionyesha wafanyakazi wa rika langu hawana moyo na kazi. "Hamjitolei," alisema. "Mnakaa kama wageni."

Nilitaka kumwambia kwamba mgeni ni mtu anayeonyeshwa mlango kila baada ya miezi mitatu. Sikusema. Nilisaini, nikashuka ngazi.

Sasa kuna mkataba mwingine uko mezani kwangu, wa kampuni tofauti. Una kifungu kinachosema mwajiri anaweza kunihamisha kwenda idara yoyote, wakati wowote, kulingana na mahitaji ya biashara. Natakiwa kujibu Jumatatu. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nadharia za usimamizi nilizisoma nusunusu, na sina hamu ya kurudi kumalizia. Nilichofanya ni kwenda kuwaangalia watu waliohamishwa kuliko mtu yeyote ninayemjua katika historia ya nchi hii, na ambao bado wengi wao waliipenda kazi yao hadi uzeeni. Nazungumzia watu wa reli.

Tuanze na jambo ambalo sisi wa Nairobi husahau. Mji wenyewe ni matokeo ya uhamisho. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ilifika kwenye tambarare hii yenye majimaji mwishoni mwa Mei 1899. Mwaka huohuo wakubwa wa reli wakaamua kuihamisha ofisi kuu kutoka Mombasa kuja hapa. Hakukuwa na mji. Kulikuwa na mahema, karakana na watu walioambiwa kazi yao sasa iko huku. Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Simba wa Tsavo ndio waliopata umaarufu, lakini maradhi na ajali viliua wengi zaidi.

Na migogoro ya kazi haikungoja reli imalizike. Mwaka 1900 kulikuwa tayari na mgomo. Ulianzishwa na Wazungu wa vyeo vya chini, na baadhi ya Wahindi na Waafrika wakaingia. Kwa hivyo mtu akikuambia kizazi hiki ndicho kilichoanza kulalamika kazini, mwambie amechelewa kwa zaidi ya karne moja.

Kwa miaka mingi ya mwanzo, reli haikumtaka Mwafrika akae. Ilimtaka aje, afanye kazi ya mikono, arudi kwao. Mishahara ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Bandarini Mombasa, ambako kuanzia miaka ya 1920 kulikuwa chini ya usimamizi mmoja na reli, wengi walikuwa vibarua wa siku. Neno lenyewe linasema yote. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi cha kuonyesha siku ulizofanya kazi. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake.

Mpango huu ulikuwa rahisi kwa mwajiri mpaka ulipomgeukia. Mtu asiye na kitu cha kupoteza hana sababu ya kuogopa kugoma. Januari 1947 Mombasa ilisimama kwa takriban siku kumi. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini, wa bandari, wa reli, mpaka watumishi wa nyumbani na wa hoteli, na katika harakati hiyo jina la Chege Kibachia likajulikana. Serikali ya kikoloni ilijifunza kwa shida kwamba mfanyakazi unayembadilisha kila siku hutamfahamu, na siku akikasirika hutajua uzungumze na nani.

Ndipo mkakati ukabadilika. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika, likazaliwa shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki nzima. Na katika miaka hiyo ya baada ya vita wakubwa wakaanza kuzungumza lugha nyingine: mfanyakazi wa kudumu, nyumba ya familia, mafunzo, cheo. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walikuwa wamepiga hesabu.

Hapa ndipo uhamisho unapoanza kunivutia.

Mtu wa reli alikuwa anahamishwa kama mchezo wa drafti. Leo Voi, mwaka kesho Nakuru, kisha Tororo, kisha Kampala, labda Tabora. Ukipitia vitongoji vya zamani vya reli utakuta wazee waliozaliwa stesheni moja, wakaanza shule stesheni nyingine, wakabalehe ya tatu. Jirani wangu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya faya mani kwenye injini za mvuke miaka ya 70, huhesabu watoto wake kwa stesheni: huyu wa Makindu, huyu wa Nakuru, huyu wa Eldoret.

Nikamuuliza swali langu moja kwa moja. "Mzee, na hamkuchoka kuhamishwa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki huchoka na maji. "Kijana, nilikuwa nahama, lakini reli ilikuwa haihami."

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa alichomaanisha. Nadhani ni hivi. Alipofika stesheni mpya usiku, na mke na mtoto na godoro, aliikuta nyumba ya reli inamngoja, kwenye landhi zilezile za matofali au mabati anazozijua. Alikuta ishara zilezile, bendera zilezile, kitabu kilekile cha sheria za treni. Alijua cheo chake na cheo kinachofuata. Alikuwa na pasi ya kusafiria bure kwenda likizo kwao. Alichojifunza Nakuru kilimfaa Tororo. Kila uhamisho uliongeza juu ya ule wa kwanza.

Mwanaanthropolojia R. D. Grillo aliishi na kuwachunguza watu wa reli wa Kampala katikati ya miaka ya 60, na kitabu chake kikatoka mwaka 1973. Kinachojitokeza humo ni jamii iliyounganishwa na kazi kuliko na mji. Walitoka Kenya, walitoka Uganda, walizungumza lugha tofauti nyumbani, lakini kila mmoja alijua mwenzake yuko ngazi gani. Kulikuwa na wivu mwingi, kulikuwa na ugomvi wa chama cha wafanyakazi, kulikuwa na makundi ya ukabila. Sitaki kupaka rangi tamu. Lakini walikuwa wanagombania kitu kilichopo. Huwezi kugombania ngazi ambayo haipo.

Na tusisahau kwamba mageuzi makubwa kuliko yote ya miaka hiyo yaliwapandisha watu. Kwa miongo mingi Mwafrika aliruhusiwa kuwa faya mani, lakini usukani wa treni kubwa ulikuwa wa Wazungu na Wahindi. Chama cha Waafrika wa reli kiligoma mwishoni mwa miaka ya 50, na kufikia uhuru mlango ulikuwa unafunguka. Huko pia ni kupanga upya shirika, tena kwa kina kuliko barua pepe yoyote ya Ijumaa. Muundo ulivunjwa, nafasi zikabadilika, watu wakahamishwa. Tofauti ni kwamba mtu wa chini aliutazama muundo mpya akajiona ndani yake.

Ukitaka kuelewa mzunguko wa kazi unavyoweza kujenga au kubomoa, nenda makumbusho ya reli pale nyuma ya stesheni ya Nairobi. Yalifunguliwa mwaka 1971. Nilienda siku ya kazi, wakati sina kazi, na nikakuta watoto wa shule wakipigana kuingia kwenye chumba cha dereva. Katikati ya uwanja imesimama injini nyekundu, ndefu mpaka huwezi kuipiga picha nzima ukiwa karibu. Nambari 5918. Jina, Mount Gelai.

Hizi ziliitwa daraja la 59. Zilikuwa 34, zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 50, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa takriban tani 250. Ndizo injini za mvuke zenye nguvu zaidi zilizowahi kutembea kwenye reli yenye upana wa mita moja popote duniani. Zilivuta mizigo ya tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, kupitia joto la Taru na Tsavo. Zilitumia mafuta mazito, sio makaa, kwa hivyo faya mani hakuwa mtu wa koleo. Alikuwa mtu wa jicho. Alitazama moshi, akatazama maji, akarekebisha moto kwa mkono, safari nzima.

Jirani yangu huniambia kuhusu "injini yetu". Sio injini za shirika. Yetu. Injini ilikuwa na watu wake, seti mbili za wafanyakazi waliopokezana: hawa wakiendesha, wale wanalala kwenye behewa lililofungwa nyuma yake. Waliijua sauti yake. Waliing'arisha shaba kwa muda wao wenyewe kabla ya safari, na ilikuwa aibu kuingia Mombasa na injini chafu wakati ya wenzako inang'aa. Ikianza kupiga kelele isiyo ya kawaida, hawakungoja fundi aulize.

Huu ni mjadala wa zamani katika reli kote duniani. Mkubwa wa ofisini akiangalia makaratasi huona kwamba injini ikipewa watu maalum, inakaa bila kazi wakati wao wamelala. Kwa hivyo anaamua: injini yoyote, dereva yeyote. Kwa hesabu ya kilomita, yuko sawa. Injini inatembea zaidi. Lakini kuna hesabu ya pili ambayo huchelewa kufika ofisini. Dereva aliyeshika injini kwa safari moja tu anasikia ile kelele, anajisemea atakayekuja kesho ataiandika. Wa kesho naye anajisemea hivyo. Suluhisho la watu wa daraja la 59, la seti mbili na behewa la kulala, lilikuwa la akili kwa sababu lilijibu hesabu zote mbili. Injini haikulala, na bado ilikuwa na wenyewe.

"Ikiwa ya kila mtu," mzee aliniambia, "nani ataamka usiku kuisikiliza?"

Nilifikiria meza yangu ya kwanza, ya watu waliotuma pesa kwa nambari isiyo yao. Kulikuwa na mama mmoja wa Kitale aliyekuwa akipiga simu kila siku mbili kuhusu karo ya mtoto. Nilikuwa nimeshika kesi yake. Nilipohamishwa, kesi ilibaki kwenye mfumo na maelezo yangu yote, kila kitu kimeandikwa vizuri. Sijui iliishaje. Kwenye mfumo ilikuwa ya kila mtu.

Lakini hata reli haikubaki mahali pamoja. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Kampala Juni 1967, na ndani ya miaka miwili shirika la reli na bandari likakatwa vipande viwili. Kufikia 1969 reli ilibaki na makao makuu Nairobi, bandari zikapewa makao yake Dar es Salaam. Sababu ilikuwa ya kisiasa na ilikuwa ya haki kwa kiasi: kila nchi ilitaka sehemu yake ya ofisi, maana ofisi ni ajira. Kwa mtu wa karakana, maana yake ilikuwa kwamba aliyekuwa mwenzake wa shirika moja pale Kilindini sasa ni wa shirika lingine.

Kisha uhamisho wenyewe ukageuka sumu. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza Wakenya makumi ya maelfu waliokuwa wakifanya kazi Uganda. Baada ya uvamizi wa Entebbe mwaka 1976, wakati wa Amin, Wakenya waliuawa huko na wengine wakakimbia. Hebu fikiria umehamishiwa Kampala na mwajiri wako, umefuata amri kama mtumishi mwema, halafu amri hiyohiyo inakufanya kuwa mgeni mwenye hatari. Pesa kati ya mikoa na makao makuu zikaanza kukwama. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari. Reli moja ikawa tatu. Injini zikabaki pale zilipokutwa. Gelai ni mlima wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron, lakini injini yake iko hapa, umbali wa kutembea kutoka Haile Selassie.

Watu hawakugawanywa kirahisi kama injini. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalisainiwa Arusha mwaka 1984, miaka saba baadaye. Huko Tanzania, waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya walidai haki zao mahakamani kwa miaka mingi, na makubaliano makubwa ya malipo hayakufikiwa hadi 2005. Ni zaidi ya watu 30,000. Mtu aliyevunjiwa shirika akiwa na miaka 40 alikuwa na 68. Wengine hawakuwahi kuifikia siku hiyo.

Huku kwetu, Shirika la Reli la Kenya liliundwa mwaka 1978. Kilichofuata ni miaka ya reli kuchoka, malori kuchukua mizigo, na awamu baada ya awamu za kupunguza wafanyakazi. Halafu Novemba 2006 ukaja mpangilio mpya mkubwa: reli ya Kenya na Uganda ikakodishwa kwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa miaka 25. Maelfu wakapoteza kazi. Ahadi ilikuwa kwamba shirika jembamba litakimbia. Wenye hisa walibadilishana, mipango ikaandikwa upya, mizigo haikukua kama ilivyoahidiwa. Mwaka 2017 mkataba ulivunjwa. Haikutimia hata miaka 11.

Siwezi kukuambia kwamba ulikufa kwa sababu watu waliobaki walikosa moyo. Kulikuwa na mtaji mdogo, mabehewa mabovu, reli ya zama za ukoloni. Lakini kuna kitu ambacho karatasi za mageuzi haziandiki. Ukiwaondoa wazee wa karakana kwa mkupuo, hujaondoa mishahara peke yake. Umeondoa masikio. Yule aliyejua ni daraja gani hulia mvua ikinyesha ameenda nyumbani na ujuzi wake, na aliyebaki amejifunza kwamba kujua daraja hakumlindi mtu.

Halafu mwaka 2020, kwa amri ya rais, reli, bandari na bomba la mafuta vikawekwa chini ya mwamvuli mmoja. Kilichotenganishwa 1969 kikaambiwa kirudiane. Nilipoisoma nilicheka peke yangu kwenye mathree. Wanaochora miundo hubadilika, na kila mmoja huamini kalamu yake ndiyo ya kwanza.

Sehemu inayoniuma zaidi iko Muthurwa.

Ukitoka katikati ya mji kwa Barabara ya Landhies, kabla ya kuzama kwenye soko, kuna ukuta. Nyuma yake zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Mwaka huohuo wa 2006, katika kupanga upya, ardhi na nyumba kadhaa za reli zilipewa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wake, ili mfuko upate mali ya kulipa wastaafu. Kwenye karatasi ni wazo zuri: nyumba walizoishi ziwalishe uzeeni. Lakini nyumba zilikuwa na watu, na baadhi ya watu hao walikuwa wastaafu haohao na familia zao. Ili mfuko ulipe vizuri, ulitaka kuendeleza ardhi. Ili kuendeleza, ilibidi wapangaji watoke. Mwaka 2010 ubomoaji ulianza huku watu wakiwa ndani. Wapangaji walienda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki yao ya makazi ilikuwa imekiukwa kwa jinsi walivyofurushwa.

Nimeisoma kesi hiyo mara mbili, na kila mara nashindwa kumpata mtu mbaya mmoja wa kumrushia jiwe. Mfuko ulikuwa na wajibu kwa wastaafu. Wastaafu walihitaji pensheni. Wapangaji walihitaji nyumba. Muundo ulikuwa umempanga mtu wa reli dhidi ya mtu wa reli, wakati mwingine mtu dhidi yake mwenyewe.

Hapo nikaelewa kwa nini jibu la jirani yangu ni la wakati uliopita. Reli ilikuwa haihami. Kisha ikahama.

Siku hizi tunaongea kama vile kuzungushwa kazini ni uvumbuzi wa kampuni za teknolojia. Sio. Muulize mwalimu yeyote. TSC ilipoanza mwaka 2018 kuwahamisha walimu kwa wingi nje ya kaunti zao, lengo lililotajwa lilikuwa utangamano wa kitaifa, jambo ambalo nani atalipinga? Lakini mwalimu alihamishwa peke yake. Hakuna nyumba iliyomngoja kama za reli. Mke au mume alibaki, mkopo wa nyumba ulibaki, shamba lilibaki. Kelele zikawa nyingi mpaka sera ikaja kulegezwa. Waliochora sera walikumbuka uhamisho wa zamani, wakasahau landhi.

Kwa hivyo nimerudi kwa dada wa HR na ripoti yake. Nadhani alichokiona kilikuwa kweli. Tulikaa kama wageni. Alipokosea ni kudhani tulikuja na ugeni huo kutoka nyumbani. Wale wazee hawakuzaliwa na moyo wa reli. Wengi walikuwa vijana wa kijijini waliotaka pesa ya kodi na ya mahari, kama mimi ninavyotaka ya kodi ya nyumba na data. Moyo ulijengwa, polepole, kwa vitu vinavyoshikika: nyumba, ngazi, injini yenye watu wake, ahadi ya uzeeni. Vilipoondolewa kimoja kimoja, moyo nao ukaenda. Tena waliovitoa mwanzoni hawakuwa watu wema. Walikuwa wakoloni waliohofia mgomo. Hilo linanipa tumaini la ajabu, maana inaonyesha huhitaji mwajiri mwenye roho safi. Unahitaji mwajiri anayejua kwamba una nguvu ya kusimamisha kitu.

Sina nguvu hiyo kwa sasa. Sina chama, na kazi ninayoombwa kufanya inaweza kufanywa na kijana mwingine elfu moja. Lakini nina kalamu. Jana usiku nilirudi kwenye kile kifungu na kuandika maombi matatu pembeni. Kwanza, kabla ya kuhamishwa nipewe notisi ya mwezi mmoja na sababu kwa maandishi. Pili, kesi nilizozianza nizimalize, au nizikabidhi kwa mtu mwenye jina, sio kwa mfumo. Tatu, kila idara nitakayopitia ihesabiwe kwenye cheo na mshahara. La kupunguzwa kazi sikuandika, maana sheria ya ajira ya 2007 imeshaliweka: notisi ya mwezi, na angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Kwa mwaka wangu mmoja na miezi miwili kule nyuma sikuwahi kuuliza. Sikujua naweza kuuliza.

Nilimwonyesha mzee yale maombi matatu. Akayasoma pole pole, karatasi ameiweka mbali na macho. Akarudi la pili, akaligusa kwa kidole.

"Hili watakunyima," alisema. "Lakini ndilo."

Nitaituma Jumatatu asubuhi.